Simu Imemkataa Mama

Shoga, uko hapo? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Niko nje ya wodi. Simu imemkataa mama.

Si unajua tulivyokubaliana: tangu kiharusi kimpinde mdomo, hakuna kumpa kioo mpaka apate nguvu. Dada alitoa hata kile kidogo cha kwenye mkoba wake. Kioo tumeficha, halafu simu tumempa kwa mikono yetu wenyewe. Akili zetu hizi.

Leo kaamka mchangamfu, anataka kuona wateja wake wa cherehani wamemwandikia nini. Akainua simu usoni kama kawaida yake. Ikagoma. Akainua tena. Ikagoma. Mwisho ikaanza kudai namba ya siri.

Namba yenyewe hana. Aliyeiweka ni kaka, siku aliyomletea hiyo simu, akamwambia, "Namba za nini mama, uso wako ndio ufunguo." Nampigia kaka, hapatikani.

Mama akanigeukia. Maneno yanamtoka kwa shida, lakini haya nimeyasikia vizuri.

"Mbona hainijui?"

Mbona hainijui. Shoga, nilikosa pa kuweka macho.

Nikamwambia kamera imeingia mafuta, ndiyo maana haioni.

Akaniamini. Akaomba kitambaa.

Namwona hapa kupitia kioo cha mlango. Kwa ule mkono mmoja uliobaki na nguvu anaifuta, anaiinua usoni, anaishusha, anaifuta tena.