Kola za Sikio

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Cherehani imetengenezwa, na mama yako bado amenuna kwa kuwa hupigi simu.

Mwanao tumembandika jina la Sikio. Huinamisha kichwa upande wa kulia, kama anasikiliza umbea wa ukutani, na ukuta wenyewe ni ule wa chumba cha marehemu baba yako. "Anaongea na babu yake," mama yako alisema, akanikataza kelele. Basi nikawa nazima cherehani, na mara nyingine hata mimi nilitega sikio.

Mwanzoni nililaumu kola ya shati lake. Niliifumua, nikaishona upya, mwishowe nikawa namkatia kola zinazolalia upande mmoja, zikae sawa na shingo yake. Fundi mzima, nikarekebisha nguo nikamwacha mtoto.

Juzi nilikigeuza kitanda chake, ukuta wa babu ukawa kushoto kwake. Kichwa kikainama kulia vilevile, pasipo na kitu. Kulipokucha akatapika tena, kama asubuhi ya jana yake, nikambeba hadi hospitali. Daktari akasema shingo haina neno, ila kichwa kikiinama hivi, huenda kuna uvimbe kwenye ubongo. Kesho anapigwa picha.

Ninapoandika, mama yako yuko ukutani anabisha hodi, anamsihi baba yako atuachie mtoto. Kila akibisha anatega sikio, nami kalamu inasimama.

Njoo, kabla hatujasikia "karibu".

Mkeo