Wageni wa Shangazi Kadzo

Jumamosi. Jua la Garsen limewaka tangu asubuhi, mgongo unaniuma kwa kuinama ziwani, na bado natamani kupiga vigelegele peke yangu humu chumbani.

Nimeviona vidole vyangu vya miguu!

Ngoja nieleze. Nyuma ya mashamba yetu kuna ziwa dogo lililobaki mto Tana ulipohamia upande mwingine. Mbolea na mavi ya ng'ombe huishia humo, basi maji yakageuka mazito na kijani kama mchuzi wa mchicha. Utando wake ukaziba pampu ya kikundi chetu cha kina mama, mboga zikaanza kunyauka. Mimi ndiye niliyewashawishi tuweke tilapia: huvuta maji mdomoni, huyachuja kwenye matamvua ya mashavuni, na ule ukijani huumeza. Kina mama wakakubali, ila maji yasipobadilika kufikia leo, samaki wavuliwe wakaangwe.

Roho ilikuwa juu. Wiki zilipita, tilapia wakanona, maji yakabaki yaleyale. Nilianza kujishuku.

Halafu asubuhi moja nikamfuma Shangazi Kadzo, dada wa baba ninayeishi kwake, akiwamwagia samaki ugali na pumba za mchele. Kumbe ni kila siku! Nikakumbuka siku ya kuwaleta, nilivyosimama mbele ya watu nikajigamba, "Wapokeeni wageni wetu." Neno langu mwenyewe.

"Mwanangu, mgeni alale na njaa kwangu? Watu watanisemaje?"

Nani angehangaika na ukijani huku ugali umeandaliwa? Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikambembeleza aache kuwalisha. Akafikiri, akajifunga leso vizuri.

"Haya. Wamekaa sana hao, si wageni tena. Wajipikie!"

Wakajipikia.

Leo kina mama walikuja na nyavu na sufuria kabisa. Nikaingia hadi magotini, nikainama, nikaviona vidole vyangu vyote chini. Pampu ikawashwa, ikavuta bila kukwama, maji yakafika kwenye mchicha. Mwenyekiti wa kikundi alirudi nyumbani na sufuria yake kichwani, tupu. Jamani, nimefurahi mno!

Jioni nilikuwa bado ukingoni nilipomwona Shangazi anakuja na bakuli la wali wa nazi. Nikamkimbilia kumzuia.

"Tulia, huu ni wako," akasema. "Siku hizi nyumbani huonekani, mgeni wangu ni wewe."

Nimekula wote. Kesho nakula nyumbani, na vyombo nitaosha mimi.