Banda Langu na Mchanga wa Matema

Jumatatu, 12 Mei
Nimefagia tena mchanga jikoni. Wali, samaki mbasa wa kukaanga, wateja wachache. Ziwa Nyasa limejaa, limemeza pale tunapoanikaga usipa, dagaa wetu wa huku. Mto bado unashusha maji rangi ya chai ya maziwa. Mchanga wote huu wa Matema umetoka milimani, umebebwa na mito. Mwanangu Atupele alinifundisha hilo. Nawaambia wateja kana kwamba nimeligundua mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni
Atupele amefika kutoka Iringa. Likizo. Anafundisha jiografia huko, amepanga chumba Mlandege. Hata mkoba hajatua, kashuka majini. Karudi uso umebadilika. Anasema mwera, ule upepo wa kusini, ukivuma ziwa likiwa limejaa hivi, mawimbi yatachimba ufukwe. Nihamishie banda kule juu, nyuma ya matete. Nimekasirika. Banda hili nililisimamisha mwenyewe baada ya baba yake kufariki.

Jumapili, 8 Juni
Tumetoka kanisani, tukamkuta jirani yangu Baba Lusajo anapanga mawe na viroba vya mchanga mbele ya baa yake. Ukuta. Atupele kamwendea kwa heshima.
"Baba, wimbi likigonga ukuta haliishii hapo. Linarudi linachimba chini yake, na pembeni."
"Mwalimu, fundisha watoto. Ziwa niachie mimi."
Watu wamecheka. Hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Banda linahama na lenyewe.

Jumanne, 17 Juni
Tumemaliza. Mgongo umekufa. Nguzo tumeng'oa sisi wawili, mabati tumebeba kichwani. Matete hatujakata hata moja. Atupele anasema ndiyo yanayokamata mchanga unaopeperushwa na upepo. Wateja wanalalamika kupanda huku. Wengine wanaishia kwa Baba Lusajo. Inauma.

Jumatano, 2 Julai
Mwera tangu alfajiri. Mawimbi yanakuja mshazari, meupe, yana kishindo. Pale banda lilipokuwa ni maji. Nimesimama nikapaangalia.
Asubuhi ukuta wa Baba Lusajo ulikuwa imara. Mchana likadondoka jiwe moja, kisha yakaporomoka mengine yote. Baa imeinama upande.
Sasa maji yako kwenye matete. Atupele alisema hayatafika. Yamefika. Kasimama mlangoni, anayatazama. Nimefunga sufuria kwenye kanga, tayari kukimbia. Naogopa.

Alhamisi, 3 Julai
Upepo umetulia. Safu ya mbele ya matete imekwenda. Banda lipo!
Ufukwe umekatwa kama mkate, ukingo unanifika magotini. Baba Lusajo kaja. Nimempakulia wali. Kala wote, ndipo akauliza, "Mwalimu, mchanga wetu umeenda wapi?"
Atupele kamwonyesha mbali, mawimbi yanapovunjikia. Umelala pale chini ya maji, fungu refu. Upepo ukipoa, mawimbi madogo yataurudisha kidogo kidogo. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba kuhusu matete alikosea, maji yamempita hesabu.
Nilikuwa namtazama. Mkono kiunoni, anaeleza polepole, mtu mzima anamsikiliza. Fahari imenijaa mpaka nikamwaga chai. Huyu nimemzaa mimi.

Jumapili, 13 Julai
Atupele kaondoka juzi. Nyumba baridi. Mimi na Baba Lusajo tumepanda matete mbele ya banda langu na mbele ya baa yake. Anayachomeka ovyo kama anapanda mihogo. Nimemfokea, kacheka, karudia. Watu wa banda la tatu kutoka kwangu wamekuja kuomba miche. Nimewapa, na maelezo juu yake. Nimejisikia mwalimu.

Ijumaa, 26 Septemba
Shwari. Ziwa limeshuka. Mchanga umerudi. Si wote, na si palepale. Umesogea zaidi upande wa mtoni, na mbele ya baa bado kuna shimo.
Leo wanawake wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, wamekuja na mitumbwi yao imejaa vyungu. Wamevipanga chini, pale ambapo Julai palikuwa maji. Nimenunua kimoja cha mboga. Nikakaa nao hapo hapo mchangani, miguu nimenyoosha, hakuna aliyekuwa na haraka.