Plagi Iko kwa Nani

Boise, Idaho
7 Januari

Baba mkwe,

Salamu nyingi. Hujambo, na masikio vipi? Noreen anasema kwenye simu unamjibu mambo ambayo hakuuliza, ndiyo maana naandika. Sisi wazima, theluji tu imetufungia gereji.

Nina swali, na wewe umetengeneza taa za neoni za mabaa ya Milwaukee maisha yako yote. Nimetoa transfoma kwenye maikrowevu mbovu, tunachoma nayo mbao. Umeme unatambaa juu ya ubao ukichora mizizi myeusi, utapenda. Noreen amekuchagulia ubao wa meza. Shida ni moja: tukiwasha tu, breka ya umeme inajikata, nyumba nzima giza. Nifanyeje ipunguze kuvuta umeme?

Mkweo,
Garth

Milwaukee
16 Januari

Mwanangu Garth,

Nimefurahi kupata barua yako, nikaacha kufurahi nilipofika katikati. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua, na samaki wa Ijumaa pale kanisani mwaka huu hawana ladha.

Sikia. Transfoma za neoni huzaliwa na kizuizi ndani yake, hata nyaya zikigusana umeme hauzidi kiasi. Na hizo hizo zilimuua rafiki yangu Leon. Hiyo yako ya jikoni haina kizuizi, inatoa kila inachoombwa. Ndiyo, watu huweka koili nyingine njiani ili kuubana umeme, na breka hutulia. Lakini hapo umeokoa transfoma, hujaokoa mtu. Kinachobaki kinatosha kuua, tena kimyakimya. Saa hizi angalau breka inakupigia kelele.

Tupa kitu hicho. Meza ninayo. Ukishindwa kutupa, ningoje nije Aprili, na kabla ya hapo usiguse. Karakanani kwetu tulikuwa na sheria: anayegusa ndiye anayetembea na plagi mfukoni mwake. Siyo mwenzake. Yeye.

Nibusie binti yangu.

Baba yako,
Ray

Boise
29 Januari

Baba mkwe,

Asante sana. Afya njema huku. Nimeweka koili uliyoitaja, na breka haijakatika tena hata mara moja! Noreen anakucheka, anasema uzee umekufanya mwoga. Sheria ya plagi tunaifuata pia: mimi nakaa nayo, yeye anapanga vibanio vya nyaya kwenye ubao, akimaliza ananiambia. Usihangaike. Meza inakuja.

Mkweo,
Garth

Milwaukee
5 Februari

Garth,

Leo salamu baadaye. Sikukuambia uweke, nilikuambia utupe! Na plagi umeichukua wewe, wakati mikono iliyo kwenye vibanio ni ya Noreen. Hiyo siyo sheria yetu, hiyo ni kinyume chake. Mtoe gerejini leo hii. Nimepiga simu, hampokei. Nijibu.

Baba

Boise
3 Machi

Baba,

Sijui kama naruhusiwa kukuita hivyo. Makaburini hukunitazama, nami sikutegemea unitazame.

Barua yako ilifika Jumatatu. Noreen alikufa Jumamosi iliyotangulia. Aliniambia tayari, nikachomeka, kisha akaona kibanio kimelegea akanyoosha mkono kukiweka sawa. Hakupiga kelele. Taa hazikuzimika. Nilidhani ameinama kuutazama ubao, nikasimama pale namsubiri anisifie. Plagi ilikuwa hatua moja kutoka kwangu, baba.

Transfoma nimeivunja kwa nyundo. Silali, sili. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Garth

Milwaukee
28 Machi

Garth,

Nimeanza barua nyingi nikazichoma. Hii naipeleka.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Kuna asubuhi natamani ungekuwa wewe. Kisha namkumbuka alivyonililia nilipokupinga, akasema, “Baba, huyu nimemchagua mimi, mzoee.” Nilikuzoea, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hapa wote wanaompa pole mzee Ray walimjua Noreen wa utotoni. Huyo mwanamke aliyeishi na wewe miaka kumi na moja mimi simjui sana. Asubuhi aliamkaje? Alikuwa akigombana na jirani yupi? Aliwahi kunisema vibaya? Wa kuniambia umebaki peke yako.

Njoo Pasaka. Nitachemsha soseji na mayai. Usilete maua. Utakula, utanisimulia habari zake mpaka ziishe, na nikishindwa kukutazama utaendelea kusimulia.

Baba yake Noreen