Nishikie Zamu

Machi 4

Mdogo wangu mpendwa Kijiti,

Bwana asifiwe. Hujambo? Shemeji hajambo? Na miguu yako imeshazoea kusimama kutwa kwenye jiko la shule? Mimi mzima, ila sauti inakwamakwama. Nadhani ni mvuke wa huku kufulia.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inanidanganya. Tangu tumzike mama yako, kila nikipiga unacheka. Nakujua, ukicheka hivyo umefunga mlango kwa ndani. Kwenye karatasi huwezi kucheka.

Hapa hospitali wamenipa msichana mpya wa kukunja naye mashuka, kwenye nafasi yako. Anavuta upande wake utadhani tunagombania urithi. Wewe nilikuwa nikiinua mkono tu, umeshajua kona ipi. Niandikie.

Dada yako

Machi 21

Dada mpendwa,

Bwana asifiwe sana! Barua imefika. Sisi wazima, namshukuru Mungu. Kazi inaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Kanisa la huku ni kubwa, limewekwa vipaza sauti mpaka msalani, na watu wanasalimia vizuri mno. Kuhusu mama, nimeshapoa. Mungu ni mwema. Pole na sauti, kunywa maji ya moto.

Mdogo wako

Machi 28

Kijiti,

Salamu utazipata mwisho, nina hasira. "Namshukuru Mungu" mara mbili, na "Mungu ni mwema" juu yake! Umesahau kanuni yetu? Siku ile tumetoka majini kubatizwa, meno yanagongana kwa baridi, tulikubaliana: kanisani tutasema kama wasemavyo wote, lakini mimi na wewe, anayemshukuru Mungu ataje anachomshukuru, na anayelia ataje kinachomliza. Marafiki wa kupeana mikono mlangoni baada ya ibada ninao tele. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini wewe ni ndugu yangu, na ndugu haandikiwi risala.

Taja.

Haya, Bwana asifiwe. Msalimie shemeji.

Dada yako

Mei 2

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Mwezi umepita bila jibu. Nilijiambia barua imepotea, kisha nikajiambia nimekuudhi. Napanga mashuka huku sikio liko mlangoni. Kama kimya ndilo jibu lako, basi nakuja. Begi nimeshalifuta vumbi.

Dada yako

Mei 13

Dada,

Usije. Nimejaribu kuandika salamu yetu, mkono umekataa, kwa hiyo naanza bila hiyo.

Jumapili ya mwisho ya mama, kiongozi wa maombi alinisimamisha mbele nishuhudie uponyaji. Nikamwambia mama bado anahema kwa shida. Akaniambia imani hutangulia, macho hufuata. Nikasimama, nikasema amepona. Watu walishangilia, wakacheza mpaka viti vikaanguka. Alhamisi mama akafa. Baada ya mazishi, wewe umeshaondoka, mama mmoja wa kanisani alinishika bega akasema, "Pengine ulishuhudia kwa mdomo tu, mwanangu."

Tangu hapo sisali. Nikifumba macho namwona mama alivyonitazama niliporudi kutoka ibadani na kumwambia, "Mama, umepona." Hakunibishia. Aliniomba maji tu.

Ukinihubiria, nitaichana barua.

Mdogo wako

Mei 18

Mdogo wangu,

Sikuhubirii. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi kazini. Yule mama wa begani ashukuru sikuwepo, maana wokovu wangu ungekaa pembeni kidogo.

Unakumbuka ulipopata homa hapa kufulia? Hukunipa maelezo. Ulisema, "Dada, nishikie zamu," ukaenda kulala, nami nikafua ya kwangu na ya kwako. Sasa lala tena. Nitasali asubuhi kwa ajili yangu, na jioni kwa niaba yako. Mungu akiuliza Kijiti yuko wapi, nitamjibu nimemshikia zamu. Na hasira yako nitamfikishia kama ilivyo, sitaitia sukari.

Usiharakishe kurudi. Mimi nipo.

Dada yako

Juni 30

Dada,

U hali gani? Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika. Bado sisali. Lakini jioni nikisugua sufuria kubwa nakumbuka kwamba saa hiyo uko huko umepiga magoti unajifanya mimi, basi nacheka, na safari hii ni kicheko chenyewe. Shemeji yako ameshangaa.

Ila umenyamaza kuhusu sauti yako. Kanuni si yangu peke yangu.

Mdogo wako

Agosti 9

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Umenikamata. Haukuwa mvuke. Ni uvimbe kooni, na watanipasua Jumatano ya wiki ijayo. Daktari anasema huenda nikaamka bila sauti, na uvimbe wenyewe bado hawaujui ni wa aina gani. Kwaya imekuja kuniimbia, mchungaji ameniombea, wote wananiambia nisiogope, nami naitikia amina kama mtoto wa shule.

Naogopa, Kijiti. Naogopa sana. Jana nilipiga magoti, kwa zamu yangu na yako, sikupata hata neno moja. Nikainuka, nikaenda kupiga pasi.

Najua ni nani ninayemwomba, na najua ninaomba nini. Nishikie zamu.

Dada yako

Agosti 12

Dada yangu,

Bwana asifiwe.

Salamu yetu nimeiandika, ingawa mwandiko unauona. Barua yako ilifika mchana. Niliingia stoo ya unga, nikajifungia, nikakaa juu ya gunia. Mwisho nikamwambia Mungu, "Mimi na wewe hatujamalizana kuhusu mama. Lakini leo sikuja kwa ajili yangu. Dada yangu ameshindwa, nimemshikia zamu."

Kisha nikataja. Koo lako, kisu, mkono wa daktari, hofu yako. Sikusema umepona, dada. Nilisema unaogopa, na nikamwomba asikuache. Nililia mpaka mpishi mkuu akagonga mlango kuuliza kama unga umekwisha.

Barua hii sitaituma, nakuja nayo mwenyewe, na Jumatano nitakuwa kando ya kitanda chako. Ukiamka huna sauti, usihangaike kusema. Inua mkono tu. Nitajua kona ipi.

Dada yako, kwa zamu