Vyuma vya Miguuni mwa Mama

Ekerenyo,
Kisii.
21 Septemba 1969

Mpendwa kaka Walter,

Nakusalimu sana, wewe na wifi Agnesi na watoto wote. Mnaendeleaje huko Tabora? Na yule mdogo aliyekuwa na homa ulipoandika mara ya mwisho, amepona kabisa? Mama ananituma nikuulize kila asubuhi tukimaliza sala, kana kwamba barua inafika jioni yake. Sisi huku tu wazima, Mungu anatutunza. Safari hii naandika Kiswahili ili wifi asome mwenyewe bila kungoja umtafsirie. Mkiona makosa mnicheke polepole.

Mvua imenyesha vizuri. Ile miche ya chai imeshika, na baba aliyesema ni majani yasiyolika sasa ndiye anayeamka mapema kuitazama. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Shule nayo inaendelea, ingawa darasa langu limejaa hata wengine wanakaa dirishani.

Sasa habari yenyewe. Mama amebatizwa jana.

Najua utarudia kuisoma sentensi hiyo, kwa hiyo ngoja nianze mwanzo. Na wewe wifi, kwa kuwa hujafika kwetu, nikueleze kwanza. Wanawake wa umri wa mama walipoolewa walivishwa pete za chuma miguuni, tunaziita ebitinge. Huo si urembo. Maana yake ni kwamba huyu ni mke wa mtu, na haziondolewi mpaka mume afe, au mke amwache mumewe. Kwenye kilima chetu wamebaki wachache sana wenye vyuma hivyo. Mama akitoka kisimani tunamsikia kabla hatujamwona.

Alianza kwenda kanisani mwaka juzi. Baba hakumkataza. Siku ya Sabato yeye alikaa na wazee wenzake na mirija yao ya busaa, ile pombe ya nafaka, na mama akajifunga kitambaa chake akaenda. Alimaliza mafunzo yote ya ubatizo. Hajui kusoma, lakini mafungu aliyakariri kwa kunisikiliza mimi nikisoma tukipika.

Siku ya mwisho ya mafunzo, Mogire, mzee wa kanisa, akasimama akasema hakuna atakayeingia majini na mapambo. Akataja shanga, akataja hereni, kisha akataja vyuma vya miguuni. Waliokuwapo wote walimgeukia mama, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa navyo.

Baba aliposikia hakupiga kelele, unamjua. Alisema tu, "Nyanchera, ukivikata, basi mimi nimekufa, na unanizika huku natazama."

Baba mdogo Machogu ndiye aliyezidisha. Alikuja nyumbani akasema mke anayekata vyuma mumewe akiwa hai ameondoka, na siku yake ikifika hatazikwa katika boma hili. Kanisa limtafutie pa kumlaza. Mama alimkaribisha uji. Machogu akaukataa, akaenda zake.

Mchungaji Onchiri alikuja kuzungumza naye. Nilikuwa kando nikipukuchua mahindi. Alimweleza kwa upole kwamba ubatizo ni kuacha mambo ya zamani.

Mama akamwambia, "Mchungaji, pambo mtu hulivaa akafurahi. Hivi vilinichubua mpaka nikaota sugu. Mimi nilitoa neno kwa Ombati navyo vikiwa mguuni. Neno langu kwa mtu ninayemwona nikilivunja, Mungu atalishika vipi lile nitakalompa yeye?"

Mchungaji alisema atakwenda kuomba. Mogire alipoambiwa akasema utaratibu ni utaratibu.

Basi mwezi wa nne wenzake wakabatizwa, yeye akabaki nje. Kaka, mimi nilidhani atakaa nyumbani siku ile kwa aibu. Alikwenda. Alisimama kwenye ukingo wa mto akawashikia wenzake nguo kavu, na kila aliyetoka majini alimfunika shuka na kumkumbatia. Mimi nililia. Yeye aliimba.

Aliporudi alikuwa na fungu la nguo za watu zilizolowa, akaanza kuzianika kwenye ua. Baba alikuwa ameketi mlangoni.

"Hizo ni za nani?"

"Za waliobatizwa."

"Na wewe hukuingia?"

"Hukuniruhusu," mama akasema, akaendelea kuanika.

Tangu hapo baba aliacha kukaa na wale wa mirija siku ya Sabato. Hakusema kwa nini, nasi hatukumuuliza. Alikuwa anazunguka tu kwenye migomba, anang'oa majani makavu mpaka mama arudi.

Mwezi uliopita baba akanituma nimwite mchungaji. Niliogopa. Nilidhani wanakwenda kugombana, nikamwomba mama tukae karibu.

Lakini mchungaji ndiye aliyetangulia kusema. "Mzee Ombati, nimeomba muda mrefu. Nimeona nitambatiza mkeo na vyuma vyake. Maneno ya watu nitayabeba mimi."

Baba alimtazama sana. Kisha akauliza, "Huo ubatizo wenu unavunja ndoa?"

"Hauvunji."

"Akitoka majini atakuwa mke wa nani?"

"Wako, mzee. Wa nani tena?"

Baba akasema, "Mngekuja kuvikata kwa nguvu, tungekutana na panga. Lakini huyu mama amengoja neno langu, na wewe umekuja bila kuniamuru. Basi nitavikata mimi."

Ijumaa juzi, mchana, kabla Sabato haijaingia, aliwaita ndugu zake wote na wazee wa kanisa. Machogu alikuja akasimama mbali, mikono nyuma. Mogire naye alikuja. Okemwa, yule fundi wa baiskeli wa sokoni, alileta msumeno wake wa chuma. Mama aliketi kwenye kigoda akanyoosha miguu.

Baba akasimama katikati akasema kwa sauti, "Nitazameni vizuri. Napumua. Nimekula ugali wa wimbi leo, na kesho nitakula. Huyu ni Nyanchera, mke wangu, na akifa atalala ubavuni mwa nyumba yangu. Atakayesema ameniacha, aseme sasa nimsikie."

Hakuna aliyesema. Machogu alitazama chini. Baba akachukua msumeno kwa Okemwa akakata mwenyewe, polepole, kiganja chake kikiwa katikati ya chuma na ngozi ili asimwumize. Ilichukua muda mrefu. Chuma cha mwisho kilipoanguka, Mogire aliinama akakiokota, akampa baba kwa mikono miwili. Baba akavikusanya vyote akaviweka ndani ya nyumba yake.

Kisha mama akashindwa kutembea. Wifi, usicheke. Miguu imezoea uzito tangu usichana, sasa ilikuwa inapanda juu kama anaruka mfereji. Jana tulipokwenda mtoni baba alimshika mkono njia nzima. Umewahi kuona mzee wa kwetu akimshika mkewe mkono mchana, watu wakiona? Watoto walitufuata.

Tulidhani atamfikisha ukingoni tu. Lakini mama alipotia mguu majini mkondo ukamyumbisha, na kabla shemasi hajafika baba alikuwa ameshaingia na koti lake na viatu. Alimshikilia mkono mmoja, mchungaji akamshika mwingine, na mama akazamishwa, akainuliwa. Alitoka akicheka.

Watu walianza kumpongeza baba wakimwita ndugu. Akawakatiza, "Mimi sikubatizwa. Nimelowa tu."

Hata Mogire alicheka. Ninapoandika, baba ameketi nje, anangoja koti lake likauke, kwa kuwa hana jingine.

Wote wanakusalimu: baba, mama, na hata baba mdogo Machogu, aliyekuja leo asubuhi akanywa uji wa mama mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Mwambie wifi Agnesi tunamngoja na wajukuu waje wamwone bibi yao. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mwema na kazi isiyochosha moyo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tryphosa