Ubeti Wangu Umo Kwenye Albamu ya Baba, Naye Hajui

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nina furaha ya kurukaruka na hofu ya kujificha chini ya meza, na vyote viwili nimevipata kwa kosa moja.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mkimya kiasi kwamba darasani nahesabiwa pamoja na madawati. Baba yangu ni fundi wa friji, lakini kabla sijaanza shule alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki, si ile roki laini ya redioni bali ile ya ajabuajabu, gitaa zinakwaruza na maneno yanauma, na mwimbaji alikuwa mdogo wake, yaani baba mdogo, wakatoa albamu moja tu kisha wakagombana kwa jambo ambalo mpaka leo kila mmoja analisimulia kivyake, na bendi ikanyamaza miaka kumi na miwili, hawasalimiani hata msibani.

Bendi ilikuwa na desturi yake: daftari moja la nyimbo, yeyote anaandika kwa penseli, herufi kubwa, bila jina, na ni mwiko kuuliza nani kaandika. Daftari lilibaki karakana kwa baba, nami nimelisoma kuliko vitabu vya shule, na humo kuna wimbo uliokatikia njiani, ubeti mmoja na kiitikio basi, ukawa unanikera kama hadithi iliyochanwa ukurasa wa mwisho, kwa hiyo likizo iliyopita nikachukua penseli nikaumalizia, kwa herufi kubwa kama wao:

Mlango niliubamiza mimi, bawaba zikanisuta,
nimesimama nje miaka, mkono haujabisha;
usiniulize nimefuata nini, wala nani alikosa,
nifungulie tu, ndugu, maneno tutayapata ndani.

Sikumlenga mtu, nilitaka wimbo uishe tu. Wiki ileile mpiga dramu wao, ambaye siku hizi ni mkunga, akapita kuchukua dramu zake, akaliona daftari, akampelekea baba mdogo, naye akausoma ubeti akaamini kaka yake anaomba radhi. Kesho yake akaja karakana na daftari kwapani, akaliweka wazi mbele ya baba bila kusema neno, na baba aliposoma akaamini ni mdogo wake ndiye kaandika. Akafuta mikono, akamuuliza, "Sauti bado unayo?"

"Imeota kutu, kaka, lakini ipo."

Tangu hapo ni miezi minne, Mshauri, karakana inatikisika kila Jumamosi mchana, friji za watu zinangoja, nyimbo kumi zimesharekodiwa, na siku nilipomsikia baba mdogo akiimba ubeti wangu nilitoka nikakimbia hadi mwisho wa mtaa nikarudi, kwa kuwa miguu ilikataa kutulia.

Sasa studio wanataka jina la mtunzi wa kila wimbo, jalada linachapwa Ijumaa. Baba anasema kwenye wimbo ule aandikwe mdogo wake. Baba mdogo akamjibu, "Kaka, unyenyekevu huo umeuanza lini? Ubeti wako ule." Baba akacheka akidhani anataniwa, na mkunga akaniangalia mimi, au nilihisi hivyo. Nikisema, kila mmoja atajua mwenzake hakuomba radhi, na bendi itakufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nikinyamaza, nitakuwa nawadanganya kila wimbo unapopigwa. Nifanye nini?

Mla Vitabu

MSHAURI ANAJIBU

Mla Vitabu, nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikaurudia ule ubeti. Ni mzuri. Hilo tuliweke kando kwanza.

Daftari la watu haliandikwi bila ruhusa, hata kama wimbo umekukera. Na siku baba mdogo alipoingia na daftari kwapani, ulikuwa na nafasi ya kusema, "Ni mimi." Ukameza mate miezi minne. Ukimya wako wa darasani ni tabia. Huu wa karakana ni uongo. Usivichanganye.

Lakini hofu yako imekosea hesabu. Mtu aliyesusa miaka kumi na miwili hapatanishwi na mistari minne, mwanangu. Alikuwa anatafuta kisingizio, nawe ukampa. Baba mdogo alikwenda karakana kwa miguu yake, na baba yako aliulizia sauti kwa mdomo wake. Hayo hukuyaandika wewe.

Basi fanya hivi. Usiwatumie ujumbe wa simu, wala usimtume mkunga, hata kama ameshang'amua, nami nahisi ameshang'amua. Usimwambie mmoja kwanza, maana wa pili atajiona amezungukwa. Waombe wakutane karakana Alhamisi ukitoka shule, uwaambie wote wawili kwa pamoja, kwa sentensi moja, na msamaha uwe ndani yake.

Baba yako akikemea, mpe nafasi akemee. Wakigeukiana na kuulizana, "Kumbe hukuandika wewe?", usiingilie. Hilo ni swali walilolikwepa tangu hujajua kusoma, na sasa wana nyimbo kumi za kuwashikilia pamoja wakati wanalijibu.

Jina kwenye jalada usiliombe. Wakiliweka, shukuru, wasipoliweka, shukuru vilevile. Ila jiandae kwa jambo moja: watu wa muziki wakimaliza kukasirika, huuliza kama una ubeti mwingine. Usiende mikono mitupu.